Lugha, uigaji au uigaji wa pande mbili: mchezo upi utumie kulinganisha otomata mbili

Mtu anapokuwa na otomata mbili mezani (yaani michoro ya mashine yenye hali kadhaa, na mishale yenye herufi inayotoka hali moja kwenda nyingine), moja ikiwa mchoro wa alichokusudia kujenga na nyingine mchoro wa alichojenga, huuliza swali moja: je, hii ya pili inafanya yale tu ambayo ya kwanza inayaruhusu? Wanafunzi wa uzamili ninaowasaidia hapa Arusha hufika na jibu walilolizoea tangu shahada ya kwanza, kwamba linganisha lugha basi, yaani maneno (mifuatano ya herufi) ambayo kila otomata inayakubali, kisha baada ya wiki chache hurudi wakiwa wamekwama. Kuna ambao kompyuta imewaishia kumbukumbu. Kuna waliopata mashine mbili ambazo hesabu inasema ni sawa, lakini mtumiaji akisimama mbele yake anaziona ni vitu viwili tofauti kabisa. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao na kwa yeyote aliyesimama kwenye njia panda hiyohiyo, akisita kati ya kulinganisha kwa lugha, kwa uigaji, au kwa uigaji wa pande mbili.

Njia zote tatu zinaweza kuelezwa kama mchezo wa watu wawili, na ndivyo nitakavyozieleza, kwa kuwa ndani ya mchezo tofauti zao huonekana kwa macho. Chukua karatasi ya manila, chora otomata A kushoto na otomata B kulia, kisha weka kizibo cha soda juu ya hali ya mwanzo ya kila moja, kama wazee wa vijiwe vya Moshi wanavyopanga vizibo kwenye ubao wa drafti. Mchezaji wa kwanza, nitakayemwita Mchokozi, anasogeza kizibo cha A kwa kufuata mshale mmoja wenye herufi fulani. Mchezaji wa pili, Mwigaji, hana budi kusogeza kizibo cha B kwa mshale wenye herufi ileile. Mwigaji akikosa mshale, au Mchokozi akisimama kwenye hali ya kukubali (hali ambayo neno linaloishia hapo hukubaliwa) ilhali Mwigaji yuko kwenye hali isiyokubali, Mwigaji ameshindwa. Akiweza kujibu kila hatua, hata kama mchezo hauna mwisho, ameshinda, na tunasema kwamba B inaiga A. Huo ndio uigaji, wazo ambalo Robin Milner alilitoa mwaka 1971 alipokuwa akitafuta namna ya kuonyesha kwamba programu moja inafanya kazi ya nyingine. Njia mbili zilizobaki hupatikana kila moja kwa kubadilisha kanuni moja tu ya mchezo huu: kwa lugha ni kanuni ya nani anajua nini, na anakijua lini; kwa uigaji wa pande mbili ni kanuni ya kizibo kipi Mchokozi anaruhusiwa kukisogeza.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia zote kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni makali, yaani njia hiyo inatofautisha mashine zipi na zipi inaziona ni sawa. Cha pili ni gharama, kwa maana ya muda na kumbukumbu ya kompyuta kadiri otomata zinavyokua. Cha tatu ni kinachobaki: ukishapata jibu la "ndiyo", ni sifa zipi za mashine moja unaweza kuzihamishia kwenye nyingine bila kuzithibitisha upya, na je, unaruhusiwa kuunganisha hali zinazofanana ili otomata ipungue? Cha nne ni ushahidi, yaani unabaki na kitu gani mkononi cha kumwonyesha msimamizi wako au mteja wako, hasa pale jibu linapokuwa "hapana". Kigezo hiki cha mwisho watu hukipuuza, nami nakihesabu kuwa na uzito sawa na gharama, kwa sababu "hapana" isiyoeleza kosa liko wapi haimsaidii fundi kurekebisha chochote.

Mfano utakaotumika ni mmoja. Tuseme stendi ya Boma Ng'ombe, mahali barabara ya Sanya Juu inapochepuka kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi, imefungwa mashine ya kukata tiketi. Katika mashine P, abiria analipa, kisha anachagua kati ya vitufe viwili: Moshi au Sanya. Katika mashine Q, abiria analipa, na wakati huohuo mashine yenyewe, bila kumwambia, inaingia katika hali moja kati ya mbili: katika hali ya kwanza kitufe cha Moshi peke yake ndicho kinachofanya kazi, katika ya pili ni cha Sanya peke yake. Katika mashine R, mambo yote ni kama P, isipokuwa kwamba mara nyingine baada ya malipo mashine hukwama na haipokei kitufe chochote. Kwa urahisi, tuchukulie kwamba hali zote za mashine hizi ni za kukubali.

Kulinganisha kwa lugha

Katika sura ya mchezo, hapa Mchokozi analazimika kutangaza safari yake yote mwanzoni: herufi zote na hali zote atakazopitia, mpaka mwisho. Mwigaji anaketi, anaitazama safari nzima, ndipo anapochagua njia yake katika B. Kwa hiyo Mwigaji anacheza akiwa na habari kamili ya kesho, na hilo linampa nafuu kubwa kuliko katika michezo mingine yote.

Makali. Njia hii haioni wakati wa uamuzi. P, Q na R zote zina lugha moja: kutofanya chochote, kulipa, kulipa kisha Moshi, kulipa kisha Sanya. Mwigaji anayecheza upande wa Q anajua tangu mwanzo kwamba Mchokozi ataishia Sanya, basi anaingia kwenye hali ya Sanya mapema na kushinda. Abiria aliyesimama stendi hana anasa hiyo. Amelipa nauli yake, anabonyeza Sanya, na mashine imenyamaza. Hata hivyo, pale ambapo kinachokuhusu ni maandishi yaliyokwisha kutokea, kwa mfano kumbukumbu za matukio ambazo otomata inapaswa kuzikubali au kuzikataa, wakati wa uamuzi wa ndani hauna maana yoyote, na lugha ndiyo hasa unayoitaka.

Gharama. Hapa ndipo penye maumivu. Ikiwa B ni otomata ya njia moja, yaani kila hali ina mshale mmoja tu kwa kila herufi, kazi ni nyepesi. Ikiwa B ni ya njia nyingi, mbinu ya msingi tuliyorithi kutoka kwa Michael Rabin na Dana Scott tangu mwaka 1959 ni kuigeuza kuwa ya njia moja kwa kufanya kila kundi la hali kuwa hali mpya. Otomata yenye hali 21 inayokubali maneno ambayo herufi ya 20 kutoka mwisho ni "a" haiwezi kugeuzwa kuwa ya njia moja yenye hali chini ya 1,048,576. Ukiongeza hali moja, idadi hiyo inaongezeka maradufu. Swali la kama lugha ya A imo ndani ya lugha ya B limethibitishwa kuwa miongoni mwa magumu kabisa kati ya maswali yote yanayojibika kwa kumbukumbu ya kiasi cha polinomia (kinachokua kama kipeo kisichobadilika cha ukubwa wa otomata, mfano mraba wake), na wengi wa wanaofanya kazi hii hawatarajii kwamba utapatikana utaratibu wa haraka unaofaa kwa kila hali. Zipo mbinu za kupunguza makali ya gharama hiyo, kama ile ya kubakiza makundi madogo tu ya hali na kutupa yale makubwa yanayoyafunika, na ile ya Filippo Bonchi na Damien Pous ya mwaka 2013 iliyojengwa juu ya utaratibu wa John Hopcroft na Richard Karp wa mwaka 1971. Mara nyingi mbinu hizi hufanya vizuri, lakini hakuna inayokuhakikishia kwamba otomata yako haitakuwa ile inayoshindikana.

Kinachobaki. Ukishajua kwamba lugha ya A imo ndani ya lugha ya B, sifa yoyote inayohusu neno mojamoja, kama vile "tiketi haitoki kabla ya malipo", inahama kutoka B kwenda A. Sifa zinazohusu uwezekano uliobaki wazi, kama vile "baada ya kulipa, abiria bado anaweza kuchagua", hazihami.

Ushahidi. Hapa lugha haina mpinzani. Jibu la "hapana" huja na neno moja ambalo A inalikubali na B inalikataa. Unaliandika ubaoni, na kila mtu chumbani analielewa, hata asiyejua otomata ni nini.

Inamfaa anayeshughulika na vichujio vya maandishi, misemo ya kutafutia ruwaza na kumbukumbu za matukio, pamoja na yeyote anayehitaji jibu kamili la ndiyo au hapana na ambaye otomata yake ama ni ndogo ama ni ya njia moja.

Kulinganisha kwa uigaji

Sasa Mchokozi hatangazi safari. Anatoa hatua moja, Mwigaji anajibu hatua moja, na ambacho Mchokozi atafanya baadaye kinabaki moyoni mwake. Mwigaji akikosea mapema hana namna ya kurudi nyuma.

Makali. Weka kizibo kimoja kwenye mwanzo wa P na kingine kwenye mwanzo wa Q, Mchokozi akiwa upande wa P. Mchokozi analipa. Mwigaji naye lazima alipe, na papo hapo lazima achague kuingia upande wa Moshi au upande wa Sanya. Hapo kidole chake huning'inia juu ya kizibo. Nimeona jambo hili mara nyingi na bado linanifurahisha: mwanafunzi anagusa upande mmoja, anauacha, anagusa wa pili, kisha anainua macho na kusema kwamba hakuna pa kwenda. Kweli hakuna. Popote atakapoingia, Mchokozi atachagua kitufe kile kingine. Q haiigi P, ingawa lugha zao ni moja. Kinyume chake P inaiga Q bila shida, kwa sababu Mwigaji anayebaki na vitufe vyote viwili anaweza kujibu chochote. Uigaji, basi, ni uhusiano wenye mwelekeo, na anayeutumia lazima aseme kila mara nani anamwiga nani.

Kuna kosa ambalo hata walimu hulifanya, nalo ni kudhani kwamba mashine mbili zinazoigana kila moja kwa zamu ni sawa kwa kila hali. Zipime P na R. R inaiga P, kwani P yote imo ndani yake. P nayo inaiga R, kwani Mchokozi akiingia kwenye hali iliyokwama hana hatua tena ya kumsumbua Mwigaji. Zimeigana pande zote, na bado R inakula nauli ya watu. Uigaji hauoni kukwama.

Gharama. Utaratibu wenyewe unaweza kufanywa kwa kalamu. Orodhesha jozi zote za hali, moja ya A na moja ya B. Futa jozi ambazo Mwigaji ameshindwa palepale. Kisha futa kila jozi ambayo Mchokozi ana hatua isiyojibika ila kwa kwenda kwenye jozi iliyokwisha kufutwa, na uendelee hivyo mpaka kusiwe na cha kufuta. Ikiwa A ina hali 40 na B ina hali 60, jozi ni 2,400 tu, ilhali makundi ya hali za B yanayoweza kujitokeza katika njia ya lugha yanafikia 1,152,921,504,606,846,976. Monika Henzinger, Thomas Henzinger na Peter Kopke walionyesha mwaka 1995 kwamba uhusiano wote wa uigaji unaweza kupatikana kwa muda unaolingana na idadi ya hali ikizidishwa kwa idadi ya mishale.

Kinachobaki. Uigaji ukipatikana, lugha ya A imo ndani ya lugha ya B, hilo halina shaka: Mwigaji anayeweza kushinda akiwa gizani atashinda pia akiwa na habari kamili. Kinyume chake hakina uhakika, kama P na Q zilivyoonyesha. Kwa hiyo ukitumia uigaji kama njia ya mkato ya kujibu swali la lugha, "ndiyo" yake ni ndiyo, lakini "hapana" yake ina maana tu kwamba uende ukatafute kwa njia nyingine. Kuna hali moja muhimu ambayo majibu hayo mawili hukutana: B ikiwa ya njia moja, na A ikiwa imeondolewa hali zisizoweza kufika kwenye kukubali, uigaji na ujumuishi wa lugha ni kitu kimoja. Zaidi ya lugha, uigaji unahamisha kutoka B kwenda A sifa zote zinazosema "katika kila njia itakayofuatwa", na kwa sababu hiyo ndio unaotumika sana pale mtu anapojenga muhtasari wa mfumo mkubwa, akathibitisha sifa kwenye muhtasari, kisha akataka sifa hiyo iushukie mfumo wenyewe.

Ushahidi. "Ndiyo" inakuja na jedwali la jozi zilizosalia, na jedwali hilo mtu mwingine anaweza kulikagua haraka bila kurudia kazi yako. "Hapana" inakuja na mkakati wa Mchokozi, ambao ni mti wa hatua na majibu. Mti husomeka kwa taabu kidogo kuliko neno moja, lakini unasema jambo ambalo neno haliwezi kusema, nalo ni hatua ambayo uamuzi ulifanywa mapema mno.

Inamfaa anayejenga mfumo kutoka kwenye maelezo ya jumla kwenda kwenye maelezo ya kina, hatua kwa hatua, na yule mwenye otomata kubwa za njia nyingi ambaye yuko radhi kupokea jibu la haraka linaloweza kuwa "bado sijui".

Kulinganisha kwa uigaji wa pande mbili

Kanuni inabadilika kidogo tena. Kila mzunguko Mchokozi anaruhusiwa kuchagua ubao: sasa anasogeza kizibo cha A, hatua inayofuata akitaka anahamia B, na Mwigaji anajibu kwenye ubao uliobaki. Wazo hili lilipata sura yake ya leo mwaka 1981 kwa mkono wa David Park, na Milner akaufanya kuwa nguzo ya nadharia yake ya mifumo inayofanya kazi kwa pamoja.

Makali. Rudi kwenye P na R. Mchokozi anachukua kizibo cha R, analipa, na anaingia kwenye hali iliyokwama. Mwigaji analipa kwenye P na kufika penye vitufe viwili. Hapo Mchokozi anavuka meza, anashika kizibo cha P na kubonyeza Moshi. Mwigaji, aliyebaki na kizibo kilichokwama, hana jibu. Kuvuka meza mara moja tu kumefichua kile ambacho uigaji wa zamu mbili haukukiona. Hii ndiyo njia kali kuliko zote tatu, na ukali wake si kila wakati ni baraka: mashine mbili ambazo hakuna mtumiaji wa kawaida atakayezitofautisha zinaweza kutenganishwa nayo kwa sababu ya tofauti ndogo ya mahali uamuzi wa ndani ulipofanyika.

Gharama. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba njia hii kali zaidi ndiyo nafuu zaidi kuihesabu. Sababu yake ni kwamba uigaji wa pande mbili unagawa hali katika mafungu yasiyoingiliana, na mtu anaweza kuanza na fungu moja kubwa na kulipasua taratibu, bila kutunza jedwali la jozi zote. Robert Paige na Robert Tarjan walitoa mwaka 1987 utaratibu ambao muda wake ni idadi ya mishale ikizidishwa kwa logi ya idadi ya hali.

Kinachobaki. Karibu kila kitu. Sifa zinazochanganya "kila njia" na "ipo njia", kama ile ya kwamba mashine ikiwa popote inawezekana kuirudisha mwanzo, zinahama pande zote mbili. Kuunganisha hali zilizo katika fungu moja ni salama daima, na ndiyo maana hata wasiojali nadharia hii huitumia kama hatua ya kwanza ya kupunguza otomata kabla ya kazi nyingine yoyote.

Ushahidi. Matthew Hennessy na Milner walionyesha kwamba hali mbili zisipolingana kwa njia hii, ipo fomula ya kimantiki inayokuwa kweli kwenye moja na uongo kwenye nyingine. Kwa P na R, fomula yenyewe kwa maneno ya kawaida inasema: inawezekana kulipa na kufika mahali ambapo kitufe cha Moshi hakifanyi kazi wala cha Sanya hakifanyi kazi.

Inamfaa anayeshughulika na itifaki za mawasiliano, mifumo ya malipo na vidhibiti vya mitambo, mahali ambapo kukwama ni hitilafu yenye hasara, na anayetaka kubadilisha sehemu moja ya mfumo kwa nyingine bila wengine kuhisi.

Maneno yasiyo na mwisho: uigaji wa aina tatu

Mifumo ambayo haikusudiwi kusimama, kama kidhibiti cha pampu au seva, huelezwa kwa otomata za Büchi, ambazo hukubali neno lisilo na mwisho ikiwa hali ya kukubali inapitiwa mara zisizo na kikomo. Hapa kulinganisha kwa lugha kunakuwa kuzito maradufu, na uigaji unagawanyika katika aina tatu ambazo wanafunzi huzichanganya. Nimezoea kuzieleza kwa duka la Mangi. Kila mara Mchokozi anapopita hali ya kukubali, ni kama amechukua kitu dukani, na Mwigaji ndiye mlipaji.

Katika uigaji wa moja kwa moja, malipo ni papo kwa papo: Mchokozi akiwa kwenye kukubali, Mwigaji naye awe kwenye kukubali wakati huohuo. Katika uigaji wa kuchelewa, deni linaandikwa kwenye daftari, na kila deni lazima siku moja lilipwe, ingawa malipo moja hufuta yote yaliyotangulia. Katika uigaji wa haki, Mangi hajali madeni yenye kikomo. Anachodai ni kwamba Mchokozi akichukua bila kukoma, Mwigaji naye alipe bila kukoma. Kila aina inabeba ile inayofuata: anayelipa papo kwa papo hana deni, na anayefuta kila deni hulipa bila kukoma anapodaiwa bila kukoma. Zote tatu zinahakikisha kwamba lugha ya A imo ndani ya lugha ya B, zote zinahesabika kwa muda wa polinomia, na ya moja kwa moja ndiyo nyepesi kuliko zote.

Tofauti inayouma iko kwenye kuunganisha hali. Kousha Etessami, Thomas Wilke na Rebecca Schuller walionyesha mwaka 2001 kwamba hali zinazoigana kwa uigaji wa kuchelewa zinaweza kuunganishwa bila lugha kubadilika. Kwa uigaji wa haki haiwezekani kufanya hivyo bila uangalifu wa ziada, kwa maana lugha inaweza kubadilika. Nililijua jambo hili kwa kusoma, na bado niliwahi kupoteza wiki nzima Tengeru nikitafuta hitilafu kwenye programu yangu, kumbe programu ilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyeunganisha hali kwa uhusiano usioruhusu. Otomata ilikuwa imepungua vizuri mno, na nilipaswa kushtuka mapema.

Kati ya lugha na uigaji

Kwa kuwa tofauti ya lugha na uigaji ni kiasi cha safari ambacho Mchokozi analazimika kufichua, mtu anaweza kusimama katikati. Richard Mayr na Lorenzo Clemente walieleza mwaka 2013 uigaji ambao Mchokozi anaonyesha hatua kadhaa mbele kabla Mwigaji hajajibu. Kwa P na Q, hatua mbili tu zinatosha: Mwigaji anaona "lipa, Sanya" kabla ya kugusa kizibo, na anashinda. Namna nyingine ni kumpa Mwigaji vizibo zaidi ya kimoja, ili asilazimike kuchagua mapema. Kwa vizibo viwili Q inaiga P. Gharama hupanda upesi kadiri hatua au vizibo vinavyoongezeka, lakini kwa idadi ndogo bado inabaki ya polinomia, na kwa uzoefu wangu hatua mbili au tatu hubadilisha "hapana" nyingi za bure kuwa "ndiyo".

Uchague kwa kuangalia hali yako

Ikiwa otomata zako zote mbili ni za njia moja, usisumbuke na mjadala huu. Majibu ya njia zote hukaribiana sana, na utaratibu wa Hopcroft na Karp utakujibu kabla chai haijapoa.

Ikiwa unaandika tasnifu na swali lako kwa asili yake ni la lugha, lakini otomata ni za njia nyingi na zina mamia ya hali, anza na uigaji wa pande mbili ili kuzipunguza, fuata na uigaji wa kawaida, kisha uigaji wa hatua chache mbele, na utumie njia ya lugha kamili kwa kile tu kilichobaki bila jibu. Katika tasnifu yenyewe andika wazi kila jibu lilipatikana kwa njia ipi, kwa sababu msomaji makini atataka kujua kama "hapana" yako ni ya kweli au ni ya kukosa habari.

Ikiwa unathibitisha kwamba programu iliyojengwa inatii maelezo ya mteja, na sifa zote zinazokuhusu ni za aina ya "jambo baya halitatokea kamwe", uigaji unatosha, mradi maelezo ya mteja ndiyo yawe upande wa Mwigaji. Wengi hugeuza pande hizi. Lakini ikiwa mteja anauliza pia kama mashine inaweza kukwama, hata kama amelitaja mara moja tu na kwa maneno ya kawaida, hamia kwenye uigaji wa pande mbili kabla ya kuanza kuandika chochote.

Ikiwa mfumo wako hausimami na unataka otomata ya Büchi iliyo ndogo zaidi, tumia uigaji wa kuchelewa kwa kuunganisha hali. Uigaji wa haki utunze kwa ajili ya kujibu kama lugha moja imo ndani ya nyingine.

Ikiwa wewe ni mwalimu na darasa lako halina kompyuta za kutosha, huhitaji zaidi ya karatasi ya manila na vizibo viwili vya rangi tofauti. Chora P na Q, mwache mwanafunzi mmoja amtetee Q mpaka aseme mwenyewe kwamba hakuna pa kwenda, kisha badilisha viti ili aliyeshindwa awe Mchokozi. Ongeza R baada ya hapo, na usiwaambie mapema kwamba wanaruhusiwa kuvuka meza.